Gurudumu la Kaka

Gari la wagonjwa lilirudi gereji asubuhi ile likiwa limejeruhiwa. Madigadi yake ya kushoto ilikuwa imekunjamana kama karatasi iliyofinywa kiganjani, na dereva, ambaye ada yake ni kushuka na utani mdomoni, alishuka kimya, akasahau kuzima injini, akarudi kuizima, kisha akasimama ameushika mlango kana kwamba gari litamponyoka.

Mafundi wawili waliokuwa wakinywa chai kizingitini waliweka vikombe chini. Walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na mji wao mdogo uliokaa kileleni mwa mlima uliwajua kwa lakabu walizopewa na kazi: mkubwa akiitwa Kulia, mdogo akiitwa Kushoto. Majina waliyopewa na wazazi yalibaki kwa ajili ya ndoa na misiba.

Dereva akaeleza. Alikuwa akitoka zahanati kwenda kujaza mafuta. Penye kijiteremko cha sokoni alikanyaga breki, na usukani ukampokonya mikono, gari likavuta upande wa kushoto, likapanda ukingo na kugonga jiwe la mpaka. Hakuna aliyeumia ila jiwe.

"Na hicho ni kiteremko cha kitoto," alisema. "Kule barabara kubwa, kushoto hakuna jiwe. Kushoto ni hewa tupu."

Hakuwa na haja ya kufafanua. Njia ya kutoka mjini ilijiviringa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, na kwa mwenye kuteremka korongo lilikuwa kushoto mwanzo hadi mwisho. Gari hilo lilitakiwa literemke kabla ya adhuhuri. Na aliyekuwa amelala zahanati akilisubiri ni binti wa Kulia, mwanawe wa pekee, mwenye mimba yake ya kwanza. Alfajiri mkunga alimpapasa tumbo akakuta mtoto amekingama, kichwa kipo ubavuni, na uchungu umekwisha anza kubisha hodi. Mtoto aliyelala vile hazaliwi ila kwa kisu cha daktari, na daktari wa kisu alikuwa hospitali kuu, chini kabisa ya mlima. Magari mengine ya mjini yalikuwa yameteremka na wafanyabiashara kabla jua halijachomoza. Lililobaki ni hili, na hili lilikuwa likitaka kwenda korongoni.

Jana yake tu lilikuwa hapa hapa kwa pedi mpya za breki za mbele. Kulia alifunga gurudumu la kulia, Kushoto akafunga la kushoto, kama walivyofanya kwa kila gari tangu marehemu baba yao alipowagawia pande. Mzee yule alichoka na ugomvi wao juu ya kila nati, akapiga mstari wa chaki katikati ya sakafu na kuhukumu: mkubwa kulia, kwa kuwa kulia kuna utangulizi na heshima, mdogo kushoto, na kila mtu atajibu kwa upande wake. Alipokuwa hai, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akivuka huku na huku, akimshikia huyu chuma na yule taa. Alipofariki, mstari ulifutika kwa mafuta na nyayo, lakini nyoyoni ulibaki. Mara moja tu Kushoto aliwahi kukaza nati ya upande wa kaka yake mbele ya mteja, na mwezi mzima Kulia alimsalimu kwa kumtazama kifuani.

Sasa Kulia alilizunguka gari, akaitazama madigadi iliyokunjamana, na hukumu ikawa imekwisha andikwa usoni pake.

"Linavuta kwako," alisema.

Kushoto alichutama. Akapitisha mgongo wa kiganja karibu na gurudumu lake. Joto lilimpiga kama pumzi ya jiko. Alitamani kwenda upande wa pili alipitishie kiganja na lile la kulia, lakini miguu ilijua mpaka wake. Badala yake akamwomba dereva aende. Dereva alikwenda, akagusa, akarudi akifuta mkono surualini, akasema kule ni vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa.

"Si ndiyo hayo," alisema Kulia. "Yako inauma hata isipokanyagwa. Umeibana mno. Fungua."

Kushoto alilinyanyua gurudumu lake kwa jeki, akalisukuma kwa kidole. Likazunguka jepesi, bila mkwaruzo, likaendelea kuzunguka hata alipokwisha kuondoa mkono. Akalifungua, akaichomoa kalipa, kile chuma kinachoziminya pedi juu ya diski, akaitazama ndani na nje. Vyuma viliteleza vizuri katika mafuta yake. Pedi mpya zilikuwa zimeanza kulika sawasawa, juu na chini. Hapakuwa na kosa. Na kwa kutokuwepo kosa pale, sasa alijua kosa liko wapi, na alijua ni nani wa kumwambia.

Simu ya dereva ililia. Alikuwa mkunga. Dereva alisikiliza, akajibu ndiyo mara kadhaa, akaifunga. Uchungu umekaribiana, alisema, na mkunga anauliza gari liko wapi, maana chupa ya maji ikipasuka na mtoto yuko vile, kitovu kinaweza kumtangulia kikabanwa.

Kulia alishika ukingo wa meza ya vyuma. Hakuwa mtu wa kuonyesha hofu. Hofu yake ilikuwa na tabia ya kuvaa kanzu ya ghadhabu.

"Umeona nini?" alimuuliza mdogo wake.

"La kwangu zima, kaka."

"Zima lingevuta?"

"Linavuta kwa sababu linafanya kazi peke yake." Kushoto aliinuka, akaifuta mikono kwa kitambaa polepole, akitafuta maneno yasiyo na ncha. "Watu wawili wakiuzuia mkokoteni mteremkoni kwa kamba mbili, mmoja akaachia, mkokoteni hugeukia kwa yule aliyebaki ameshika. Huwezi kumlaumu aliyebaki."

"Kwa hiyo mimi nimeachia."

"Sikusema wewe. Nimesema gurudumu."

"Gurudumu halijifungi lenyewe."

Dereva alijikohoza, akatazama nje. Kulia akatoa amri kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo ndani yake mlikuwa na baba yao: Kushoto aingize upepo kidogo katika mafuta ya breki yake, au azisugue pedi zake kwa tupa, au afanye alijualo, mradi ailegeze hadi pande mbili zilingane. Gari litakwenda wima, na mtoto wake atateremka.

Dereva aliposikia gari litakwenda wima uso wake ulifunguka. Na hapo ndipo Kushoto alipoogopa. Amri ile ilikuwa na ukweli wa kutisha. Ukiilegeza breki nzima ilingane na mbovu, gari litanyooka, naam. Wakilijaribu barabara ya sokoni litasimama kwa adabu, na kila mtu atapongezana. Kisha litaingia mteremko mkubwa likiwa na breki za nyuma tu, nazo zitashika kona ya kwanza, na ya pili, hadi zipate moto na kuchoka; na baada ya hapo, halitavuta kushoto wala kulia. Litakwenda mbele tu.

"Siwezi, kaka," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

Katika umri wao wote hakuwahi kumjibu hivyo. Alimtii katika kuoa, katika kuuza shamba la baba, hata katika mambo aliyojua kaka amekosea, akijiambia kwamba mkubwa hakosi ila husahau. Kulia alimtazama kama anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha akachukua spana mezani, akalizunguka gari kwa mbele, akaja.

Alivuka.

Alikuja hadi penye gurudumu la kushoto, akapiga goti moja, akanyoosha mkono kuelekea kalipa ya mdogo wake. Kushoto akauweka mwili wake katikati. Ndugu wawili wakawa wamekabiliana kwa karibu, mmoja amepiga goti, mmoja ameinama, na harufu ya chai ikawa bado ipo pumzini mwao.

"Ondoka," alisema Kulia. "Mwanangu anakufa kule juu."

"Na mimi ni mwanangu. Nani alimfundisha kutembea humu ndani, kati ya matairi?" Kushoto hakusogea. "Kaka, sikiliza. Umevuka. Umekuja kwangu kwa miguu yako, na dereva shahidi. Ukigusa la kwangu, na mimi nimeruhusiwa kugusa la kwako. Ni ama sote tubaki kwetu, ama sote tuvuke. Chagua."

Spana ilibaki hewani. Nje mtu alipita na toroli lenye gurudumu linalolia, na mlio ule ukasikika mpaka ulipopotea mwisho wa mtaa.

Kulia aliinuka kwa tabu, mkono kwenye goti. Hakusema ndiyo. Alirudi upande wake, akaitia jeki chini ya gari, akaanza kulinyanyua gurudumu la kulia. Na alipolinyanyua hakumwambia mdogo wake asije. Kushoto alifuata nyuma, akasimama hatua moja kando, kama anayeingia chumba cha wazazi.

Alimwomba dereva apande, akanyage breki kwa nguvu zote na asiachie. Dereva akapanda, akakanyaga.

"Zungusha wewe, kaka," alisema Kushoto.

Kulia aliweka viganja vyake viwili juu ya tairi, akasukuma, akitaraji likatae. Halikukataa. Lilizunguka. Alilisukuma tena, kwa nguvu zaidi, kama anayemtikisa mtu aliyelala, nalo likazunguka tena, jepesi, pasi na haya.

"Umekanyaga?" alimuuliza dereva.

"Mguu umefika mwisho, mzee."

Kulia alilishika tairi, likasimama. Uso wake ulikuwa umepauka chini ya ndevu.

Ubovu ulikuwa umepatikana upande wake. Haikupatikana bado sababu yake. Kushoto alitaja lililofuata kwa kuuliza, si kwa kuamuru: pengine kaka afungue kiskurubu cha kutolea upepo, waone mafuta yanafika namna gani. Kulia akafungua, dereva akakanyaga. Mafuta ya breki yaliyopasa kuruka kama mshale yalitoka tone, tone, kama machozi ya mnafiki. Wakafungua juu zaidi, pale bomba la chuma linapoungana na mpira unaoshuka gurudumuni, dereva akakanyaga tena, na mafuta yakaruka, yakamlowesha Kushoto kifua kizima. Kumbe hadi pale njia ilikuwa wazi. Kilichozibika ni kile kipande kifupi cha mpira kati ya hapa na pale.

Kwa nje mpira ulikuwa mzima, mweusi, usio na ufa. Kulia aliukata kwa kisu cha tairi, akaupasua kwa urefu na kuupeleka mlangoni penye mwanga. Ndani yake utando ulikuwa umechanika, ukajikunja kama ulimi na kulala juu ya njia. Mafuta yakija na nguvu ya mguu, ulimi ule husimama na kuziba.

Aliutazama muda. Kisha akasema, bila kumgeukia yeyote:

"Jana nilikiachia chuma kining'inie."

Kushoto alielewa mara moja. Kalipa ni chuma kizito. Ukiitoa mahali pake ili ubadilishe pedi, huna budi uishikilie au uifunge kwa waya, la sivyo hubaki ikining'inia kwa mpira wake, na mpira unyongwao hivyo hupasuka kwa ndani na kujifanya mzima kwa nje. Jioni walipolijaribu gari barabara tambarare, ulimi ulikuwa haujajikunja. Ulingoja mteremko.

"Ungetumia waya," alisema Kushoto, kwa upole.

"Zamani sikuhitaji waya. Alikuwepo wa kunishikia."

Dereva akashuka kitini, akasema samahani wazee, mkunga anapiga tena.

Mpira mpya ulikuwepo rafuni, wa aina ile ile. Kushoto aliuleta na kuunyoosha mkono kumpa kaka yake, kwani gurudumu lilikuwa lake. Naye akaingia chini, akaikamata kalipa kwa mikono miwili, akaibeba uzito wake wote huku Kulia akiufunga mpira. Nati ikamtoka mkubwa vidoleni, ikabingirika chini ya gari. Kushoto hakuiwahi. Alisubiri kaka aitafute mwenyewe, mikono yake ikianza kufa ganzi, na akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi kuwa pale. Waliubadili na mpira wa kushoto pia, Kulia akishika, Kushoto akifunga, ili pande mbili ziwe na umri mmoja.

Kisha kutoa upepo. "Kanyaga," akaita Kulia. "Shika hapo." Spana ikageuka, mafuta yakaruka na mapovu. "Achia. Kanyaga." Dereva akapandwa na utani wake wa kale, akasema hata mke wake hajawahi kumwamuru hivi. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyechukia. Mapovu yakapungua, yakaisha, mafuta yakatoka safi.

Walipita sokoni na kurudi. Dereva akakanyaga kidogo, akakanyaga sana, akaachia vidole kwenye usukani. Gari likasimama wima. Kulia akashuka, akagusa magurudumu yote mawili, akamwita mdogo wake aguse pia, na moto ulikuwa mmoja.

Walimpakia binti zahanati, na kwenye mteremko Kulia alikaa mbele karibu na dereva. Kushoto alikaa nyuma na mkunga, karibu na kichwa cha binti, ambaye jasho lilikuwa limemganda kwenye nyusi.

"Baba Mdogo," alisema kati ya uchungu na uchungu, "mbona umeushika ukuta hivyo? Nani kafunga hizi breki?"

"Mimi na baba yako."

"Upande gani wako?"

"Safari hii tumechanganya."

Alimtazama kwa jicho moja, la pili limefumbwa kwa maumivu. "Basi tumekwisha," alisema, na mkunga akamwambia asicheke, kicheko kinasukuma.

Kona ya kwanza. Kushoto alisikia mwili wa gari ukiinama mbele, akahisi kwa mgongo na kwa nyayo kila mguso wa mguu wa dereva. Dirishani upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila weupe wa mbali. Gari likapinda, likanyooka. Kona ya pili. Ya tatu. Midomo yake ilikuwa ikimtaja Mola bila sauti. Mbele, shingo ya kaka yake ilikuwa imekakamaa kama nguzo.

Baada ya kona ndefu, lori lilikuwa limesimama katikati ya njia, limepasuka tairi, watu wake wamekaa kandoni bila kuweka hata tawi la kuonya. Dereva alikanyaga kwa mguu wote. Kila kitu kilichokuwa ndani kilitaka kwenda mbele. Mkunga akamwangukia binti magotini, Kushoto akakikumbatia kitanda. Alingoja ule mvuto, ule mkono usioonekana wa kuwapeleka kushoto. Matairi yalilia. Mvuto haukuja. Gari lilisimama wima, mkia wa lori umejaza kioo chote cha mbele, na watu wale wa kandoni wakawa wamekwisha ruka mtaroni.

 Kisha binti akatoa sauti nzito, tofauti na zote zilizotangulia, na mkunga akainua kichwa. "Maji," alisema. "Twendeni, twendeni." Akapitisha mkono chini ya shuka, akaushikiza pale kukilinda kitovu, na tangu hapo hakuutoa.

Dereva akalipita lori kwa upana wa kiganja. Sasa Kulia ndiye aliyesema, "Ongeza. Litasimama, ongeza," akilirudia neno hilo kila kona, na dereva akaongeza.

Hospitalini watu wa kitanda cha magurudumu walikuwa mlangoni. Mkunga alikwenda naye akikimbia ubavuni, mkono wake bado mle mle. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliuliza maswali mawili na kupapasa mara moja. "Mmewahi," alisema, "kwa dakika chache tu," na milango ikafungwa.

Ndugu wawili wakabaki ukumbini na mafuta ya breki mikononi. Hawakuketi, kwa kuogopa kuchafua benchi. Muda ulipita ambao hakuna aliyeupima. Hatimaye mkunga akachungulia, nywele zimemtoka kitambaani, akasema ni wa kiume, analia kama anayedai, na mama yake anauliza kama gari nalo limefika salama.

Kulia aliegemea ukuta, akateleza polepole mpaka akakaa sakafuni. Alilia bila kujificha. Kushoto alikaa kando yake, bega kwa bega, akamwacha amalize.

Dereva akaja kuuliza nani anapanda naye, maana zahanati wanalihitaji gari kabla ya jua kuzama.

"Panda wewe," Kulia alimwambia mdogo wake, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi nabaki na mtoto. Ukifika, fungua na za nyuma uzitazame. Zote mbili. Usinisubiri."

Kushoto aliinuka. Alikuwa amefika mlangoni kaka yake alipomwita tena.

"Na kule gereji, upande wangu," alisema Kulia, "taa hainifikii vizuri siku hizi. Macho. Nilikuwa sitaki mtu ajue."

"Nitaisogeza taa," alisema Kushoto, akatoka kwenda garini.